Tusiombee Amani Tukiwa Vyumba Tofauti

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2008 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia, mmoja wa wachache tuliobaki chuoni wakati wa likizo ya Krismasi, na tulikuwa tumepanga kukesha tukiombea amani ya Kenya. Matokeo ya kura ya urais yalikuwa yametangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba, rais akaapishwa Ikulu giza likiingia, ghasia zikazuka, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, hivyo habari zilitufikia kwa ujumbe mfupi wa simu, kila mtu zake kutoka kwao. Kesha tulilianza pamoja. Ilipofika saa nne hivi, baadhi ya wenzetu walihamia chumba cha pili ili waombe kwa lugha yao ya mama, nasi tuliobaki tukaanza kuomba kwa yetu. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao na sauti zilipenya. Kila upande ulimlilia Mungu kwa machozi ya kweli, kila upande uliomba amani, na kila mmoja ulipaza sauti zaidi uliposikia mwingine umepaza. Siku iliyofuata tukapata habari za kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lililochomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo kuokoa maisha yao, wengi wao wanawake na watoto.

Tangu siku hiyo nimeshikilia neno moja, na miaka ya utume katika jamii isiyo yangu imenithibitishia: kuombea amani baada ya uchaguzi hakujakamilika mpaka tuombe mbele ya masikio ya yule aliyepigia kura upande wa pili, kwa lugha anayoielewa, na kwa maneno anayoweza kuyaitikia Amina bila kuisaliti dhamiri yake.

Sisi watu wa misheni tunapaswa kuwa wa kwanza kukiri kwa nini jambo hili ni gumu nchini mwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 jumuiya za kimisionari za Kiprotestanti ziligawana maeneo ili zisigombanie waumini: kanisa la Marafiki (Quakers) lilijenga Kaimosi mwaka 1902, Wapresbiteri kutoka Uskoti wakawa Thogoto, Wamethodisti wakaenda Meru, na misheni ya Afrika Inland ikaanzia Ukambani kabla ya kuhamia Kijabe na kuenea Bonde la Ufa. Nia haikuwa mbaya, na matunda yake tunayala hadi leo, kwa maana kila jamii ilipata shule, zahanati na Maandiko kwa lugha yake. Hata hivyo, mgawanyo huo uliacha madhehebu yanayofuata mipaka ya makabila kwa karibu mno, na siasa zetu zilipofuata mipaka hiyohiyo, Mkristo aliweza kuabudu mwaka mzima bila kuketi benchi moja na mtu wa chama kingine. Ombi lake la amani halikusikiwa na mtu yeyote aliyehitaji kulisikia, isipokuwa Mungu.

Mnamo Februari 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya walikiri hadharani kwamba makanisa yalikuwa yamechukua upande, na wakaomba radhi. Ninauheshimu sana ukiri ule, kwa sababu ulitolewa wakati damu ingali mbichi, kabla ya mkataba wa kugawana madaraka wa tarehe 28 Februari kutiwa saini na kabla ya tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia zile kuhesabu vifo 1,133. Ninachosikitikia ni kwamba tumeukumbuka kama tukio badala ya kuugeuza kuwa desturi. Katika chaguzi zilizofuata nimehudhuria ibada za amani ambamo kiongozi wa ibada alimshukuru Mungu kwa kutupa mshindi, huku nusu ya waumini wakitazama sakafu. Nimehudhuria nyingine ambamo amani ilimaanisha kwamba walioshindwa wanyamaze waende nyumbani. Nabii Yeremia aliwakemea waliotangaza amani mahali pasipokuwa na amani, na wimbo wetu wa taifa, ambao nao ni sala, huomba haki iwe ngao kabla ya kufika kwenye amani. Mwenye malalamiko kuhusu kura ana haki ya kuyapeleka mahakamani na ana haki ya kuombewa akiwa njiani kwenda huko.

Yeremia huyohuyo ndiye aliyewaandikia waliochukuliwa uhamishoni Babeli wauombee mji walimopelekwa, kwa kuwa amani ya mji huo ndiyo itakayokuwa amani yao. Maneno hayo ndiyo yanayoshikilia maisha ya mmisionari. Yeye ni mgeni. Hana shamba la ukoo pale, hana wajomba wa kumkimbilia, na mambo yakiharibika hana upande wa kusimama nao. Watu wengi huona hilo kuwa udhaifu wa kazi yetu. Mimi nimejifunza kuliona tofauti, na aliyenifundisha ni mama mmoja jirani yangu.

Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, mama huyo alikuja kwangu jioni akiwa amebeba bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Familia yake ni miongoni mwa wachache katika eneo letu, na mwaka 2008 nyumba yao iliteketea pamoja na kila karatasi waliyokuwa nayo.

"Mchungaji, naomba uniwekee hii mpaka matokeo yatoke," aliniambia. Ndani mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu na hati ya shamba.

Nilimwambia kwa uaminifu kwamba hata nyumba ya kanisa inaweza kuchomwa, na kwamba sote tunaikumbuka Kiambaa.

"Najua," akasema. "Lakini kwako wanaingia watu wa pande zote."

Nilifunga bahasha ile kabatini, na siku sita za kungoja matokeo zikaanza, watu wakihesabu fomu za matokeo ya vituo vya kura kwenye simu zao hadi usiku wa manane. Kila jioni tulikutana kanisani kuomba, na nilitaka jambo moja tu: kila mtu amwombee kwa jina mtu anayejua kwamba amepiga kura tofauti na yeye, na huyo mtu awepo akisikia. Jioni ya kwanza palikuwa na ukimya mrefu uliotia uchungu. Jioni ya tatu mzee mmoja wa kanisa, ambaye wanawe walitajwa na wengi katika yale ya 2008, alisimama akamwombea yule mama, akaitaja nyumba yake, akautaja moto, kisha sauti ikamkatika. Mama hakusema lolote. Alisogea kwenye benchi ili mzee apate nafasi ya kuketi.

Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, aliyeaga dunia mwaka 2017, aliyahifadhi maelfu ya watu katika uwanja wa kanisa lake kuu wakati wa ghasia zile, wengi wao wakiwa wa jamii isiyo yake, na baadaye akatumia miaka mingi kuwakutanisha majirani katika vikao vidogo vidogo huko mashinani. Ninaamini alikuwa anaomba wakati wote huo, hata pale ambapo midomo yake ilikuwa ikizungumzia blanketi na maji.

Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake tarehe 5 Septemba, na Jumapili iliyofuata mama alikuja kuchukua bahasha yake. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Mwezi uliopita, baada ya ibada, aliniuliza kama kabati langu bado lina kufuli, nami nikamjibu kwamba lipo. Akaniambia kwamba mtoto wake wa nne naye sasa amepata cheti, kwa hiyo safari hii bahasha itakuwa nzito kidogo.