Mzigo Umekataliwa

Ofisini kwetu Mombasa tunatengeneza programu ya mawakala wa forodha, wale wanaotoa mizigo Kilindini. Kulikuwa na jaribio moja la kiotomatiki lenye vituko: linafungua dirisha la fomu, linaliombea fokasi, yaani liwe ndilo dirisha linalopokea herufi za kibodi, kisha linajichapia "mzigo umekataliwa, urudishwe ulikotoka" na kubonyeza Enter. Nikitoka kunywa chai, linapita. Nikikaa mezani na shughuli zangu, linaanguka. Mwenzangu dawa yake ilikuwa moja: kuongeza sekunde za kusubiri. Zilikuwa 2, zikawa 5, na wapi! Hiyo ni sawa na kupanda feri Likoni kwa kutazama saa, bila kujali kama feri yenyewe imefika.

Basi alasiri moja nimeliwasha, huku nachapa, kwenye kompyuta ileile, katika grupu la WhatsApp la arusi ya binamu yangu. Pande zote mbili zimo humo. Ami wa bibi arusi kauliza: "Ijumaa baada ya Isha tunamleta mwana wetu. Mko tayari kumpokea?" Nikaandika "Inshallah". Kabla sijaendelea, herufi zikaanza kujichapa zenyewe, na ujumbe ukaenda:

"Inshallah mzigo umekataliwa, urudishwe ulikotoka"

Simu ikalia papo hapo. "Wewe! Mwana wa watu ndiye mzigo?"

"Mama, ni kompyuta hiyo."

"Kompyuta ndiyo iliyosema inshallah?"

Hapo sikuwa na jibu.

Kumbe meneja wa madirisha, ile programu inayoyapanga madirisha kwenye skrini, ana adabu zake. Akiona unachapa mahali, dirisha jipya likifunguka halipi fokasi, lisije likakukatiza. Nalo jaribio linachapa kupitia kibodi ya bandia, na kibodi haichagui: herufi huingia penye fokasi, pawe fomu ya forodha au pawe kwa wakwe. Sekunde zote zile zilikuwa bure. Nikazifuta. Sasa jaribio haligusi herufi mpaka dirisha lipokee tukio la fokasi, na lisipolipata linakufa kimya. Isitoshe, nimelihamishia Xvfb, skrini ya bandia niliyoiwekea meneja wake mwenyewe, isiyo na grupu la mtu yeyote.

Kwenye grupu nimeomba radhi, nikaeleza habari ya fokasi kirefu. Hakuna aliyejibu mpaka usiku, nyanya yake bibi arusi alipotuma sauti:

"Mjukuu wangu, kwetu mzigo hautoki kabla ya ushuru kulipwa. Nusu ya mahari bado."