Rejista iko gombolola, na karani anakujua

Uganda kuna wanaotaka kumbukumbu zote za umma ziingizwe kwenye kompyuta za Kampala, wananchi waepushwe na makarani wa gombolola, kitengo cha utawala kilicho chini ya wilaya. Wapinzani wao wanauliza: mkulima wa Terego, kaskazini-magharibi mwa nchi, atapandaje basi hadi Kampala kwa ajili ya karatasi moja?

Swali hilo lina uzito. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliweka mtunza rejista katika kila gombolola, na ndiye mwenye daftari la hati za umiliki wa kimila. Ndoa za kimila nazo husajiliwa hapo hapo. Ni mambo yanayozua kesi nyingi za urithi, na ushahidi wake uko mwendo wa bodaboda tu.

Ila ukaribu huo una bei yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa ofisa siku 21 za kumjibu raia, na raia halazimiki kueleza anataka habari ya nini. Hayo ni ya kwenye karatasi. Karani anayemjua shemeji yako lazima akuulize, “Unaitakia nini?” Ukitaka kujua ni nani waliopata fedha za PDM, mpango wa serikali wa kuwakopesha wananchi, zile shilingi milioni 100 kwa mwaka za kila muluka (kitengo kilicho chini ya gombolola), mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, huenda akawa na habari zako kabla hujafika nyumbani. Ofisi ya mbali haikujui, na hapo kutojulikana ni kinga. Isitoshe, kanuni za 2011 zinatoza shilingi 20,000 kwa ombi, nami naona ni kumfungia mlango maskini kwa adabu.

Kuna tatizo jingine lisilozungumzwa sana: wilaya zinagawanywa kila mara. Madi-Okollo ilitoka Arua mwaka 2019, Terego ikafuata 2020. Anayetafuta faili la zamani aanze na mwaka lilipoandikwa, kisha aulize eneo lile lilikuwa chini ya wilaya gani wakati huo. Hapa watu wa kompyuta wanashinda: nakala moja ya pamoja ingemwepusha mtu na safari za bure.

Hata hivyo, mfano bora tulio nao haukutegemea kompyuta. Uchunguzi wa matumizi ya serikali ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku yao isiyo ya mishahara. Kiasi kilichotumwa kikaanza kutangazwa magazetini na kubandikwa kwenye ubao, na kufikia 2001 zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Wapo wachumi wanaosema mageuzi mengine ya wakati ule yalichangia pia, nami sibishi. Lakini ubao haukuulizi unataka nini.

Kwa hiyo naona rejista za ardhi na ndoa zibaki gombolola, nakala zikitunzwa kwingine. Habari za fedha zibandikwe bila kuombwa. Atakayeleta Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kutetea majina ya waliokopa PDM ana hoja nusu: namba ya kitambulisho na ya simu ni siri ya mtu, lakini jina na kiasi alichochukua katika fedha ya umma si siri.