Wageni wa Maine wafundishwe kwanza Kiingereza cha baridi

Ningekuwa na sauti katika madarasa ya Kiingereza ya wageni hapa Portland, jimbo la Maine, Marekani, ningedai yaanze na baridi. Wakongo na Warundi wengi wamehamia huku, na mara nyingi wanachopewa kwanza ni misemo ya kupendeza, huku maneno yanayolinda mwili na mshahara wakiachiwa wakutane nayo barabarani.

Chukua "black ice". Ni utando wa barafu mwembamba mno, lami inaonekana chini yake, na dereva hudhani pamelowa tu. Au "wind chill", baridi inayouchoma mwili upepo unapovuma. Kipimajoto kikisoma 0 kwa Farenhaiti na upepo ukienda maili 15 kwa saa, mwili unapambana na baridi ya -19, na ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kuna pia "parking ban": usiku wa theluji nyingi manispaa hukataza kuegesha gari barabarani ili njia zisafishwe, na asiyeelewa tangazo gari lake huburutwa, naye hulipia. Mama anayesubiri basi la shule na mtoto asiye na glavu anahitaji haya kabla ya "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa mno, tuliyoikariri shuleni Mombasa kwa bidii kubwa. Huku sijamsikia mtu akiitamka.

Kwetu Pwani, nani aliandikiwa ubaoni kusi na kaskazi, pepo zetu za msimu? Mtoto wa mvuvi huyapata maneno hayo wazee wakishauriana kama chombo kitoke au kisitoke. Kusi likichafua bahari, vyombo vidogo havivuki mwamba. Kaskazi likitulia, watu huenda mbali. Anayajua kwa sababu chakula cha jioni kinayategemea.

Misemo nayo ina nafasi yake. "Spring forward, fall back" yafaa kushikwa: Jumapili ya pili ya Machi saa husogezwa mbele, ya kwanza ya Novemba hurudishwa nyuma. Kwa sisi tuliokulia mahali jua linapochomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, jambo hili ni geni kabisa, na kuchelewa zamu kwa saa nzima si mchezo. Na mfanyakazi mwenzio akikujibu "rain check", amekataa mwaliko wako kwa adabu, labda siku nyingine. Msemo umetokana na tiketi za besiboli za kurudia siku nyingine, mechi ikiharibiwa na mvua. Mtu wa Pwani, ambaye kwake "karibu" huitikiwa kwa kuketi, huumia bure asipoelezwa.

Kwa hiyo Oktoba, theluji haijaanguka, wanafunzi watolewe nje. Wasomeshwe vibao vya barabara na matangazo ya hali ya hewa ya simu zao wenyewe. Na waitwe Wakongo waliokwisha kuvuka baridi kadhaa hapa, walipwe, wawafundishe wenzao kwa Kiswahili.