Bendi au spika? Mzuka wa futiboli ya vyuo Marekani unatoka wapi hasa

Kuna ubishi hauishi kwa wafuatiliaji wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani, hii ya helmeti na mpira wa yai, kwamba zile bendi za wanafunzi za kupiga kwata bado ndo zinaleta mzuka uwanjani au zimebaki mapambo tu, maana siku hizi kila uwanja una DJ na spika za kufa mtu. Upande mmoja wanasema ukitoa bendi umeua mchezo, wengine wanajibu kijana wa miaka 19 anataka mdundo unaogonga kifuani, sio gwaride la enzi za babu yake. Mimi naegemea bendi, nasema mapema, ila sio kwa sababu wanazotoa watetezi wake wengi, maana wakibanwa kidogo tu wanakimbilia kusema "ni mila" halafu wananyamaza.

Watu wa spika wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Uwanja wa wazi hauna huruma na tarumbeta. Chukua Michigan Stadium, uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, unaingiza watu 107,601, hauna paa, bendi imejibana sehemu moja ya jukwaa, sasa wewe umekaa mwisho kabisa wa upande wa pili sauti inakufikia imechelewa, ndo maana wakijaribu kupiga makofi kwa mdundo mmoja uwanja mzima unapishana. Spika zinasambazwa kila kona, shida hiyo hazina. Halafu hiyo mila yenyewe, mbona spika nazo zinayo? Pale chuo cha Wisconsin, kati ya robo ya tatu na ya nne uwanja mzima unaruka mpaka jukwaa linatikisika, wanafanya hivyo tangu 1998, na kinachowarusha ni rekodi ya hip hop sio bendi. Virginia Tech timu ikiingia uwanjani watu wanaruka vilevile, wimbo wa rock mzito kutoka kwenye spika, toka 2000. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo kashamaliza chuo. Kwa hiyo ukitumia mila peke yake kama silaha, inakurudia mwenyewe.

Ila rekodi ina kasoro moja, haiitikii mchezo kama watu. DJ anabonyeza na wimbo unaenda ulivyo, wakati bendi inacheza na kinachotokea pale pale. Sheria zinakataza bendi kupiga pale timu ikishajipanga kuanzisha mpira, ili wachezaji wasikie ishara zao, kwa hiyo bendi inaishi kwenye vipande vya sekunde chache. Kiongozi wao yuko juu ya ngazi, macho uwanjani, wapinzani wako kwenye jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, anashusha mkono, tuba na ngoma zinaingia na kipande kifupi cha kutisha, jukwaa la wanafunzi linadakia, halafu anakata ghafla mpira ukiwa unakaribia kuanzishwa na zile kelele za watu zinabaki zinaendelea zenyewe. Hapo bendi imewasha moto ikakaa pembeni. Tachidauni, yaani bao la futiboli hii, ikitiliwa shaka na refa, bendi inasubiri na watu, ikikubaliwa inalipuka na wimbo wa chuo ambao kila mtu anaujua, wa Michigan umeandikwa 1898, babu na mjukuu wanauimba maneno yale yale.

Na ukitaka kuona bendi ikiwa ndo shughuli yenyewe nenda kwenye vyuo vya kihistoria vya watu Weusi, vile wanavyoviita HBCU. Huko watu hawainuki kipindi cha mapumziko, msosi wanaenda kununua robo ya tatu timu zikiwa zinacheza, kweli kabisa. Mechi ikiisha hakuna anayeondoka kwa sababu kuna "robo ya tano", bendi mbili zinatazamana kutoka majukwaani, huyu anapiga, yule anajibu, anaongeza sauti, huyu anatafuta wimbo uliotoka juzi kauchambua upya kwa tarumbeta, mpaka mmoja akubali yaishe. Mechi ya vyuo vya Southern na Jackson State imepewa jina kutokana na bendi zao, Human Jukebox na Sonic Boom of the South, wakaunganisha ikawa BoomBox Classic. Hebu fikiria derby inayoitwa kwa majina ya wapiga ngoma! Mechi ya Bayou Classic, ya Grambling na Southern kule New Orleans, ina shindano la bendi la peke yake, na watu wanakata tiketi bila hata mpira kuguswa. Halafu 2023 bendi ya Tennessee State ikachukua Grammy kwa albamu ya gospo. (Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kushangaa sana, wazee wetu enzi za ngoma ya beni walishashindana hivi hivi na sare zao na vyeo vya kijeshi, kundi la Marini huku la Arinoti kule.)

Vyuo vikubwa vya kaskazini mambo ni tofauti, kule ni nidhamu. Ohio State wanajipanga kihalaiki wanaandika neno Ohio kwa mwandiko wa kuunganisha katikati ya uwanja, walianza 1936, na nukta ya herufi i inawekwa na mpiga susafoni mmoja, ile tuba kubwa ya kuvaa mwilini, lazima awe wa mwaka wa nne au wa tano. Anatoka kwenye mstari anatembea kwa madaha na lile dubwana la shaba begani, akifika anainama mpaka chini upande mmoja wa uwanja, anageuka anainama upande wa pili, na watu laki moja wanapiga kelele kwa ajili ya nukta. Nukta! Hiyo spika haiwezi kukupa hata uinunue ya bei gani.

Sasa upande wa giza, na hapa ndo watetezi wa bendi huwa wanaangalia pembeni. Nidhamu ile ile na undugu ule ule ndo umezaa mambo ya kuonea wanabendi wapya. Novemba 2011 mwanabendi wa Marching 100 ya Florida A&M, moja ya bendi maarufu kuliko zote nchini, alifariki baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi kule Orlando mechi ikiwa imeisha, bendi ikafungiwa mpaka 2013. Ohio State nao walimfukuza mkurugenzi wa bendi 2014 baada ya uchunguzi kusema kulikuwa na utamaduni mbovu wa mambo ya kingono. Kwa hiyo mtu akikwambia bendi ni familia, muulize familia ya namna gani. Shangwe za uwanjani hazifuti hayo, na chuo kinachotaka bendi kwa ajili ya mzuka ila hakitaki kujua kinachoendelea kwenye basi hakistahili kuwa nayo.

Kuna kisa cha Texas pia mi huwa nakirudia sana. Mwaka 2020 baadhi ya wanabendi walikataa kupiga wimbo wa chuo kwa sababu ulipigwa mwanzoni kwenye maonyesho ya wazungu waliojipaka weusi usoni, hawakutosha watu wa kupiga, na uwanjani ikawekwa rekodi. Wengine waliona ule ndo ushahidi kwamba bendi ni usumbufu. Mimi naona kinyume, bendi ni watu na watu wanaweza kusema hapana, sasa ukitaka muziki usiokataa kamwe utapata pia uwanja usiokuwa na mtu ndani yake. Najua wapo wataobisha hapo, wabishe tu.

Hela nayo. Tangu 2025, baada ya kesi kumalizwa mahakamani, chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, jambo la haki kabisa, ila mpiga tuba anayefanya mazoezi jua kali la Agosti mara nyingi anaambulia krediti za somo moja, au skolashipu kidogo akibahatika. Na hela ya wachezaji lazima itoke sehemu, naogopa bendi itakuwa ya kwanza kupunguzwa safari. Michigan walishaonja 2012, idara ya michezo ilisema haitalipia bendi kwenda Texas kwenye mechi na Alabama, gharama ikitajwa kama dola 400,000, kelele zikapigwa, pesa zikapatikana, bendi ikaenda. (Timu ikachapwa 41-14, lakini hilo sio kosa la bendi.)

Ila adui mkubwa wa bendi kwangu mimi hata sio DJ, ni matangazo. Mechi ya chuo inasimamishwa kila saa kwa ajili ya tivii, dakika mbili tatu wachezaji wamesimama tu wanakunywa maji, na muda huo zamani ulikuwa wa bendi, sasa chuo kimeuuza kwa wadhamini, skrini inakuonyesha tangazo la benki fulani na mchezo wa kubahatisha mpira umefichwa chini ya kofia ipi. Mapumziko ni dakika 20, bendi imefanya mazoezi wiki nzima, na nyumbani unaonyeshwa watu wa suti wakichambua mechi nyingine. Wenye tivii wanasema hakuna anayetaka kuangalia bendi, lakini Oktoba 2013 Ohio State walipomchora Michael Jackson akiteleza moonwalk kwa miili ya wanabendi, video ya shabiki tu ikatazamwa na mamilioni ndani ya siku chache. Watazamaji wapo, wenye kamera ndo wameamua kugeukia studio.