Vumbi la Saiti Lisisingiziwe Upepo wa Dodoma

Wiki iliyopita, kwenye nyumba ya ghorofa inayomaliziwa kule Iyumbu, nilimkuta kijana akikata pevingi kwa grinda kavu, fulana ameifunga puani, na kope zake zimekuwa nyeupe kama za mtu aliyetoka kinuni. Nilipomuuliza msimamizi kwa nini hakuna maji wala barakoa, alinijibu kwa upole: "Mama, hii ni Dodoma, vumbi tumelizoea."

Jibu hilo limenikera kwa sababu nimelisikia kwenye saiti nyingi mno. Ni kweli kwamba mkoa wetu ni mkavu, kwamba mvua zikikatika Aprili tunakaa miezi mingi bila tone, na kwamba upepo wa kiangazi hauombi ruhusa ya mtu. Lakini vumbi la barabarani na vumbi linalotoka kwenye msumeno si kitu kimoja. Zege, kokoto na mawe yana madini yaitwayo silika, na diski inapoyasaga yakiwa makavu hutoa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo hupenya fulana, hupita pua na koo, na kutua ndani kabisa ya mapafu. Huko huacha makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 vumbi hilo la silika limeorodheshwa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mara nyingi madhara hayo huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza. Kibarua wa leo yuko Iyumbu, mwezi ujao yuko Nala, mwakani yuko Mtumba, na hana mkataba hata mmoja. Siku atakaposhindwa kupanda ngazi kwa kukosa pumzi, atamdai nani fidia, na kwa ushahidi gani? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake, lakini kijana yule hakuwa na kinga nyingine zaidi ya fulana yake mwenyewe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maji ni ya shida hapa na boza ni gharama. Hata hivyo, mashine ya kukatia yenye tangi lake hutumia maji kidogo, na hayo huua vumbi palepale linapozaliwa. Sisemi grinda ya kawaida ya umeme imwagiwe maji, maana fundi atapigwa shoti. Pale ambapo mashine ya maji haipo, ikodishwe, au kazi ifanyike mbali na wengine, kwa barakoa maalumu ya vumbi inayobana uso vizuri. Mchanga ufunikwe turubai, sakafu inyunyiziwe kabla ya kufagiwa, na kiwanja kisikwanguliwe chote kwa siku moja wakati msingi utachimbwa miezi mitatu baadaye.

Gharama hizo ziandikwe kwenye makadirio tangu mwanzo, pamoja na nondo na simenti. Nasi wenye nyumba, tunaobishana na fundi juu ya rangi ya marumaru, tumuulize pia atazikata kwa mashine gani, na tumuulize kabla ya kumpa malipo ya awali.