Marisiva wa Ohio State 2025: watatu wa mbele sina neno, wa nne ndo nani?

Agosti hii ya 2025, msimu ukiwa unakaribia kuanza, ukigusa tu habari ya Ohio State, timu ya chuo ya mpira wa Marekani, mtu anakurukia na jina la risiva wao Jeremiah Smith kabla hujamaliza kuongea, na kiukweli simlaumu, maana dogo mwaka wake wa kwanza chuoni kadaka mipira 76, yadi 1,315, tachidauni 15 (yaani mara 15 kaufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), akazifuta rekodi za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambazo Cris Carter aliziweka pale pale mwaka 1984 na zikakaa miaka 40 hakuna wa kuzigusa. Kwamba Smith ndo risiva bora wa vyuo vyote Marekani kwa sasa, mi sibishi. Ninachobishia ni hili neno ambalo watu wanalirusha ovyo, "kikosi kipana". Eti Ohio State wana marisiva wengi kiasi kwamba akiumia yeyote mambo yanaenda tu. Hapo ndo nasema ngoja kwanza.

Kwa wale mnaoufuata huu mpira wa Marekani juu juu: risiva ni yule anayekimbia njia aliyopangiwa, anampoteza beki halafu anadaka pasi ya kwotabeki, yule anayerusha mpira. Mara nyingi uwanjani wanakuwepo watatu, wawili pembeni na mmoja ndani. Kwa hiyo ukiwa na watatu wazuri una timu, lakini upana wa kikosi unaanzia kwa wa nne kwenda chini, na wa nne ndo huwa hatumwongelei mpaka mtu abebwe nje na madaktari.

Sasa angalia hesabu za msimu uliopita. Kwotabeki Will Howard alikamilisha pasi 309 kwa yadi 4,010. Emeka Egbuka alidaka 81 za yadi 1,011, Smith hizo 76, Carnell Tate 52 za yadi 733. Jumlisha watatu hao unapata mipira 209 na yadi 3,059, yaani kama robo tatu ya yadi zote za pasi zilipita kwenye mikono sita. Wa nne wao, Brandon Inniss, alidaka 14, yadi 176, tachidauni moja. Mipira 14 kwenye msimu wa mechi 16 jamani! Na zilikuwa 16 kwa sababu walienda mpaka mwisho kwenye playoff ya kwanza ya timu 12, wakampiga Tennessee 42-17, Oregon 41-21, Texas 28-14, na Januari 20 pale Atlanta wakamaliza na Notre Dame 34-23 wakabeba ubingwa. Upana wa marisiva hatukuuona safari yote hiyo, na hatukuuona kwa sababu haukuitwa kazini.

Halafu Egbuka kaondoka, Tampa Bay wamemchukua namba 19 kwenye drafti ya 2025 (pale timu za NFL, ligi ya kulipwa, zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu). Watu wanaiongelea nafasi yake kama vile ni yadi 1,011 tu za kugawana upya, mi naona wanakosea. Jamaa kamaliza na mipira 205, rekodi ya chuo, na mingi ilikuwa ile mipira isiyoingia kwenye video fupi za mtandaoni, dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi) zimebaki yadi sita, yeye anaingia katikati kwenye msongamano, anapata nane, anaanguka nayo, timu inaendelea. Na kama mpira sio wake anamzuia beki ili mkimbiaji apite. Kazi ya risiva wa ndani ni ya kishamba hivi, haina sifa, ila ikikosekana unaona mashambulizi yote yanakwama na hujui kwa nini.

Wanaosema tusiwe na wasiwasi wana hoja nzito, tena nzito kuliko wao wenyewe wanavyoielezea. Wengi wanaishia kusema "Hartline yupo" basi. Ni kweli kocha wa marisiva Brian Hartline yupo, msimu huu wa 2025 ni mratibu wa mashambulizi pia baada ya Chip Kelly kwenda Raiders wa NFL na marisiva bado ni wake, na mikononi mwake wametoka Garrett Wilson na Chris Olave (namba 10 na 11, drafti ya 2022), Jaxon Smith-Njigba (20, 2023), Marvin Harrison Jr. (4, 2024) na huyu Egbuka. Watano wa raundi ya kwanza kwa miaka minne. Lakini hoja yenyewe hasa iko kwenye namba walizokuwa nazo hao watu kabla hawajalipuka. Smith-Njigba mwaka 2020 alidaka mipira 10 yadi 49, mwaka uliofuata akapiga 1,606. Harrison mwaka 2021 alidaka 11 yadi 139, kisha 1,263. Egbuka alianza na mipira 9, mwaka wa pili 1,151. Ukiwapima hao kwa namba zao za benchi ungesema Ohio State hawana mtu, kumbe walikuwa na watatu wa NFL wamekaa tu wanasubiri zamu. Kwa mahesabu hayo Inniss na mipira yake 14 yuko mbele ya Harrison wa 2021!

Kuna ile Rose Bowl (moja ya mechi kubwa za kufunga msimu) ya Januari 1, 2022 pia. Wilson na Olave walijitoa wajiandae na drafti, kila mtu akasema Ohio State wamekwisha, Smith-Njigba akadaka 15 za yadi 347, na Harrison ambaye mpaka siku hiyo hakuwa na tachidauni hata moja ya chuo akafunga tatu, wakamfunga Utah 48-45. Msimu uliofuata Smith-Njigba mwenyewe akaumia msuli wa paja kwenye mechi ya kwanza tu, mwaka mzima akamaliza na mipira mitano, na bado Harrison na Egbuka wote wawili wakavuka yadi 1,000. Ukimwonyesha mtu historia hiyo halafu ukamwambia ana wasiwasi bure, ana haki ya kunyamaza.

Mi sinyamazi lakini, na sababu ya kwanza ni kwamba hao wote walilipuka mwaka wa pili. Inniss anaingia mwaka wa tatu. Bryson Rodgers anayetajwa kama wa nne naye wa tatu. Sisemi wamechelewa, mtu anaweza akawa alikuwa nyuma ya Harrison, Egbuka na Smith na hakuna aibu yoyote hapo, ila huwezi kuchukua mfano wa Harrison ukaubandika kwa kila aliyekaa benchi pale Ohio State. Julian Fleming alikuja 2020 akiwa anatajwa risiva namba moja wa darasa lake nchi nzima, msimu wake bora ukawa yadi 533, akamalizia Penn State. Kiwanda kinatoa magari, sawa, lakini sio kila bodi inayoingia inatoka na injini.

Sababu ya pili ni transfa, mchezaji kuhamia chuo kingine, na hii naona wachambuzi wengi wanaipita haraka. Ule upana wa 2021 ulikuwepo kwa muda mfupi sana, na hata wakati ule ulivuja: Jameson Williams aliona mbele yake kuna Wilson, Olave na Smith-Njigba, akafunga mizigo akaenda Alabama, akapiga yadi 1,572 na tachidauni 15 msimu huo huo na Detroit wakamchukua namba 12. Tangu hapo kila dogo anajua habari yake. Mwanzoni mwa mwaka jana Noah Rogers akaenda zake NC State, na Jayden Ballard mwaka huu kahamia Wisconsin. Zamani kocha alikuwa anaweka vipaji sita stoo anatoa mmoja mmoja, leo yule wa tano akiona zamu yake iko mbali anapiga simu mbili na wiki ijayo ana jezi nyingine. Kwa hiyo kadiri watatu wa mbele wanavyokuwa wakali ndivyo wa nyuma wanavyozidi kuondoka. Kuwa na Smith kunakugharimu upana, ndo ukweli ulivyo.

Na tumeshaona ikigharimu. Desemba 31, 2022, nusu fainali na Georgia, Ohio State wanaingia robo ya nne wako mbele 38-24, ila Harrison alishatolewa mwishoni mwa robo ya tatu baada ya kugongwa kichwani. Robo ya nne nzima wakapata pointi tatu tu, wakafungwa 42-41. Mwaka uliofuata kwenye Cotton Bowl Harrison hakucheza, wakapata pointi tatu mechi nzima na Missouri wakawapiga 14-3. Najua, najua, kwenye mechi ya Missouri Ohio State walikuwa na shida ya kwotabeki kubwa kuliko ya risiva, Kyle McCord alishaondoka na Devin Brown akaumia, siwezi kumbebesha risiva lawama yote. Ya Georgia lakini mi bado naikumbuka vibaya.

Mfano ninaoupenda zaidi hata hivyo ni ile mechi waliyoshinda, nusu fainali ya Januari na Texas. Texas walimbana Smith mpaka akamaliza na mpira mmoja wa yadi tatu. Mmoja! Wiki iliyotangulia kaiua Oregon kwa yadi 187. Na walishinda kwa sababu ukimkaba Smith watu wawili kuna Egbuka na Tate wamebaki na mtu mmoja mmoja, wakabeba mzigo. Sasa Agosti 30 wanafungua msimu na nani? Texas hao hao, ambao kura za AP (waandishi wa habari wanaopanga timu kwa ubora) zimewaweka namba moja, Ohio State namba tatu. Watamkaba tena Smith, hilo halihitaji mganga. Tate sina shaka naye, mtoto wa Chicago anakimbia njia zake kwa usafi na mikono yake haina siri, mi nadhani mwaka huu ndo anavuka 1,000. Swali linabaki kwa Inniss ndani, kwenye dauni ya tatu, pale alipokuwa Egbuka. Wenzake wamemchagua nahodha na hiyo inanipa moyo kidogo, wachezaji wanajua nani anafanya kazi mazoezini kuliko sisi huku. Ila unahodha haudaki mpira.

Nyuma yao kuna Rodgers, kuna Mylan Graham kutoka Indiana aliyekuja mwaka jana na sifa kubwa na hajapata dakika za maana, halafu madogo wapya, Quincy Porter wa New Jersey, Phillip Bell wa California, De'zie Jones, Bodpegn Miller. Porter ana mwili wa kazi tayari. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye unaweza kunionyesha mechi kubwa aliyocheza, na mwalimu anayewapanga siku hizi ana kazi mbili, marisiva na mashambulizi yote.

Kitu kinachonifanya nisipige kelele sana ni Max Klare. Huyu ni taiti endi (anadaka pasi kama risiva na pia anazuia mabeki) aliyetoka Purdue, msimu uliopita kwenye timu mbovu kabisa alidaka mipira 51 yadi 685. Ukiwa na mtu kama huyo unaweza kuweka mataiti endi wawili uwanjani, yeye na Will Kacmarek wa kuzuia njia, ukabaki na marisiva wawili tu, Smith na Tate. Hapo ghafla wa akiba anakuwa yule wa tatu, sio wa nne, na ile hofu yangu inapungua nusu. Nadhani hata wao ndo mpango wao, japo hakuna kocha atakayesimama aseme kwamba tumeleta taiti endi kwa sababu marisiva wa akiba hatuwaamini.

Kinachorudisha hofu ni kwotabeki. Kocha mkuu Ryan Day kamtangaza Julian Sayin, kijana ambaye hajawahi kuanza mechi hata moja ya chuo. Howard alikuwa mzee wa kazi, akikosa wa kwanza anaangalia wa pili, wa tatu, anatoa. Kwotabeki mgeni huwa ana mtu wake, na mtu wake atakuwa namba 4, hata akiwa amekabwa na kijiji kizima. Kwa hiyo Smith akipata shida ya kifundo tu wiki mbili, unampa Sayin Tate, Inniss aliyebadilishiwa nafasi, na Rodgers. Watashinda Minnesota na hao? Watashinda. Penn State Novemba 1, au kule Michigan Novemba 29, ambao kufikia Agosti hii ya 2025 Ohio State walikuwa hawajawafunga tangu 2019 na mwaka jana walipoteza 13-10 nyumbani wakiwa na Smith, Egbuka na Tate wote wazima? Mi hela yangu siweki.

Kwa hiyo ukinilazimisha: watatu wa kwanza bado ndo bora nchini, sioni wa kuwafikia. Kikosi kipana, hapana, sijakiona, kuna kikosi chenye matumaini mapana na hivyo ni vitu viwili. Mechi ya Texas sitaitumia kumpima mtu wa akiba maana Hartline hatathubutu kuwagusa, atacheza na watu wake mpaka wazimie. (Nzuri yake ni saa sita mchana kule Ohio, huku kwetu saa moja jioni, kwa mara moja tutaangalia mpira huu bila kuamka saa nane usiku kama wachawi.) Mi naisubiri ya wiki inayofuata, Septemba 6 na Grambling State, ambayo mnasema haina maana. Robo ya tatu, wakiwa mbele kwa pointi 40, angalia nani yuko uwanjani. Kama Smith na Tate wamekaa na kofia mkononi na Graham anarushiwa mipira na Sayin mwenyewe, sio na kwotabeki wa akiba, basi kuna mtu pale anawaza Novemba.