Karatasi ya Mangungo ikae wapi?

Ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, abiria wawili walikuwa wanabishana kuhusu kiwanja cha ukoo wao kilichouzwa kwa bei ya kutupa. Mmoja akasema, "Mzee alisaini kama Mangungo." Hakuna aliyeuliza Mangungo ni nani: chifu wa zamani anayesemwa kuwa alisaini mkataba akaikabidhi nchi yake kwa Wajerumani. Mwaka 2023 pia, mkataba wa bandari ulipozua mjadala, jina hilo lilitajwa kila kona.

Nilishuka Posta, nikaelekea Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, huku nikijiuliza: tunaomsema Mangungo, ni wangapi tumeusoma mkataba wenyewe?

Ulisainiwa Msovero, Usagara, ambako leo ni wilaya ya Kilosa, tarehe 29 Novemba 1884. Karatasi ni ya Carl Peters, Mjerumani. Inajiita mkataba wa urafiki wa milele, kisha inakabidhi nchi yote ya Mangungo kwa chama cha ukoloni cha Peters. Inadai kwamba mkalimani, Ramazan, aliwafafanulia watu yote hayo vizuri, na kwamba Mangungo alisema hata hajui kama kuna Sultani wa Zanzibar. Hapo mimi hukwama. Misafara ya pwani ilikuwa inapita Usagara miaka na miaka, Sultani asisikike? Maneno ni ya Peters. Cha Mangungo pale ni alama ya mkono tu.

Halafu, Februari 1885 Kaisari Wilhelm I akaidhinisha mikataba ile. Sultani Barghash alipopinga, Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga Zanzibar na kuelekeza mizinga. Hata kama Mangungo angekataa, sioni mizinga ile ingemsikiliza vipi.

Kwa hiyo naunga mkono wazo la makumbusho ya mkataba huu kujengwa Msovero kwenyewe, pale pale jambo lilipotendeka. New Zealand wamefanya hivyo Waitangi, palipotiwa saini mkataba wa Wamaori na Waingereza tarehe 6 Februari 1840. Mgeni anakuta maandishi mawili yasiyolingana: ya Kiingereza yanasema machifu waliachia mamlaka yote ya nchi, ya Kimaori yanataja "kawanatanga", neno lililotoholewa kutoka "gavana", yaani uongozi tu. Ugomvi wote umo katika pengo hilo.

Lakini Waitangi wana maandishi ya pande zote mbili. Sisi tuna ya Peters peke yake, na kuijengea nyumba karatasi yake ni kumpa nafasi ya kusema tena. Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Kuna na nauli: mwanafunzi wa Temeke anafika Posta kwa daladala, Kilosa ni safari ya kutwa. Tena jengo hubadilika na wenye nalo. Makumbusho haya ya Dar yalifunguliwa 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V. Leo watoto wetu wanaingia kumwona Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai.

Ningeanza hapa Dar: mkataba wote utundikwe kwa Kiswahili, bila kuruka mstari wa Ramazan. Kisha Msovero. Huko, ukuta wa mkabala na karatasi ya Peters uachwe mtupu, mpaka wazee wa Usagara waulizwe kwao kulisimuliwa nini kuhusu siku ile.